Ibara ya Saba

Sanduku letu la bati lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Mama Tarimo wa genge la ndizi,
wa pili anao Eliakunda, fundi cherehani,
wa tatu naufunga mimi kwenye pindo la kanga,
maana mkoba huibwa, lakini kanga
itaibwaje na mimi nimo ndani yake?

Jumamosi, saa tisa, uani kwangu, Pasua.
Hisa zimenunuliwa, mihuri imegongwa,
Ndeshi kalipa faini ya kuchelewa na ya simu kulia.
Ndipo nikasimama: kuna mengineyo.

Mengineyo ni Limbani.
Chumba cha nyuma, mlango wa bluu, miezi mitatu hajalipa.
Katoka Rumphi, Malawi, kujifunza kazi ya maabara;
mchana kutwa anachungulia damu za watu wa Moshi,
na mwisho wa mwezi wanampa posho
inayokwisha kabla hajamaliza kuihesabu.
Sasa kibali chake cha kuishi kinaisha tarehe kumi na nne.

Mama Tarimo akauliza: ni wa nani?
Sikumwelewa.
Wa nani, Moshi hii? Mjomba wake nani?
Akipanda basi la usiku kwenda Mbeya
tutakwenda kuudai mpaka wa Kasumulu?

Katibu akafungua katiba, akasoma kwa sauti ya kanisani:
Ibara ya saba. Mfuko wa jamii utamsaidia
mwanachama, mwenzi wake, mzazi, au mtoto wa kumzaa.
Akafunga. Nzi akatembea juu ya jalada.

Sikuwa na hoja. Nilikuwa na jambo dogo,
nikalisema vibaya, kwa kurukaruka:
kwamba juzi nilimgongea na sahani ya machalari,
akafungua mlango nusu, akasema, nimekula, mama.
Haraka. Kabla sijauliza.
Na chumbani hamkuwa na harufu ya kitu,
hata ya mafuta ya taa.

Nikabaki nimesimama, sahani inapoa,
kwa sababu sauti ile naijua.
Huja kila Jumapili kwa simu kutoka Leipzig,
ambako Aichi wangu anaogesha wazee asubuhi
na jioni anasoma:
nimekula, mama. Kabla sijauliza.

Mnaniuliza kila siku ametuma nini.
Hajatuma.
Mwezi wa pili niliuza mbuzi wawili
nikamtumia mimi.

Wawili? akasema Eliakunda.
Si ulituambia walikufa kwa kuhara?

Wakacheka, mimi nikalia, au kinyume chake.
Katiba haikubadilika; theluthi mbili hazikutimia,
na Mama Tarimo si mtu wa kubadilisha kitu kwa machozi.
Ila alilivuta kopo la faini, akalitikisa.
Hili, akasema, halina ibara.

Hazikutosha.
Ndeshi akatoa simu, akaipigia simu ya jirani yake
ikalia katikati ya kikao. Elfu moja.
Jirani akampigia katibu. Elfu moja.
Katibu, mzee wa kanisa, akasimama, akatoka nje ya geti,
akarudi. Nimechelewa, akasema. Elfu mbili.
Uani kukawa na milio kama soko la Mbuyuni,
tukivunja sheria zetu moja baada ya nyingine.

Bado ilipungua elfu kumi na moja.
Atanibebea mikungu Jumamosi mbili, akasema Mama Tarimo,
na asije kwangu na huko kushukuru kwake kwa kuinama;
atavunja mgongo bure.

Kodi yangu bado sijaiona. Nayo naiandika hapa,
nisije nikaonekana malaika.

Jumapili, saa tatu usiku, simu ikaita.
Kabla Aichi hajafungua mdomo nikamwahi:
Usiniambie umekula.
Niambie umekula nini.

Akanyamaza.
Nikasikia tramu ikipita, ndefu,
mpaka mwisho wake.